UZI: William Goldman, mtu wa riwaya aliyeingia kwenye muvi kwa kuitwa kimakosa (simba wa Tsavo nao wamo)

#1 – Mtoa mada

Wakuu, kwema?

Humu tukijadili muvi tunamtaja nyota, na tukijitahidi sana tunamtaja dairekta. Yule aliyejifungia chumbani akaandika hakuna anayemkumbuka. Leo namleta mmoja wao, William Goldman, Mmarekani aliyefariki New York Novemba 2018 akiwa na miaka 87. Jina huenda hulijui, ila kazi zake umeziona: Butch Cassidy and the Sundance Kid, Marathon Man, All the President's Men, The Princess Bride, Misery. Ndugu zetu wa Kenya nao wana yao, nitaifikia.

Niweke hoja yangu mapema ili wabishi mjipange. Goldman alikuwa mtu wa riwaya tangu mwanzo, na kilichomfanya atishe kwenye muvi ni kwamba alijua cha kutupa. Kuandika wengi wanajua. Kukata ndiyo kazi.

Alizaliwa 1931, akakulia Highland Park, nje kidogo ya Chicago. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyezama kwenye pombe, na alijiua Goldman akiwa bado sekondari. Goldman akaenda chuo cha Oberlin, Ohio. Kule alikuwa mmoja wa wahariri watatu wa jarida la fasihi la wanafunzi. Hadithi zilipokelewa bila majina, naye akawa anachomeka zake humo kimyakimya. Wenzake wawili wakizisoma wanasema takataka hii hatuwezi kuichapa. Yupo hapo hapo mezani, anasikia.

Baada ya chuo akaingia jeshini, akapangiwa ukarani Pentagon, makao makuu ya jeshi, kwa sababu alijua kupiga taipu. Akasoma shahada ya pili chuo kikuu cha Columbia. Kiangazi cha 1956, miaka 24, hana kazi wala dalili ya kazi, akakaa chini akaandika riwaya ya The Temple of Gold kwa wiki zisizozidi tatu. Ikatoka 1957. Kwa hiyo jamaa aliyekataliwa na jarida la chuo alishakuwa na riwaya sokoni kabla hajatimiza miaka 27.

Sasa sikilizeni alivyoingia kwenye muvi. Miaka ya mwanzo ya sitini alikwama katikati ya riwaya nene, Boys and Girls Together. Akasoma gazetini kuhusu muuaji wa wanawake wa Boston, na dhana kwamba labda wauaji walikuwa wawili. Akaacha ile nene, akaandika kitabu chembamba cha haraka haraka, No Way to Treat a Lady, sura fupi fupi, nyingine ukigeuza ukurasa imeisha. Akakitoa kwa jina la bandia, Harry Longbaugh. Mwigizaji Cliff Robertson akakipata, akadhani ule ni muhtasari wa muvi! Akampigia Goldman simu amwandikie skripti kutokana na hadithi ya Flowers for Algernon.

Goldman akakubali. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuona skripti maisha yake yote. Usiku ule ule akaenda Times Square kwenye duka la vitabu lililokesha wazi, akanunua kitabu ajue tu skripti inafananaje. Akaandika, akapeleka, Robertson akamtimua akamweka mwandishi mwingine. Muvi ikaitwa Charly, na Robertson akabeba Oscar ya mwigizaji bora.

Aliitwa kimakosa, akafukuzwa kazi ya kwanza. Naendelea jioni.

#2

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3

Mtoa mada, hilo jina la bandia kuna sehemu nimelisikia.

#4 – Mtoa mada

#3 uko macho. Longabaugh ndilo lilikuwa jina halisi la Sundance Kid, jambazi wa treni na mabenki. Ina maana 1964, kitabu kile kilipotoka, ile hadithi ilishamkaa kichwani. Alifukuzia habari za wale majambazi wawili kwa takriban miaka minane kabla hajaandika, na akaamua kuifanya skripti moja kwa moja, siyo riwaya.

Kilichomvutia ndicho kilichowatisha mabosi wa studio. Butch na Sundance walipoona wanasakwa kweli kweli, walikimbia. Walienda hadi Amerika Kusini. Bosi mmoja wa studio alimwambia Goldman nitanunua, ila hao watu wasikimbie. Goldman akamjibu, lakini ndivyo ilivyokuwa! Bosi akasema hayamhusu, anachojua yeye John Wayne, yule nyota wa muvi za kaboi, hakimbii.

Angalia alivyolitatua hilo, maana hapa ndipo unaona fundi akiwa kazini. Kabla ya kukimbilia Bolivia kuna msako mrefu sana. Kikosi kinawafuata, na Goldman hatuonyeshi sura ya yeyote kati yao. Tunaona vumbi kwa mbali. Usiku tunaona vitaa vinasogea. Wakipita kwenye mwamba usioacha alama, wale wapo. Wakijigawa farasi mmoja huku mwingine kule, hawadanganyiki. Butch kazi yake ni kuuliza tena na tena, hawa jamaa ni kina nani? Wanafika ukingoni mwa genge, chini mto. Butch anasema turuke, Sundance anagoma, na mwisho anatoboa siri kwamba hajui kuogelea. Ukumbi unacheka, wanaruka, na hakuna mtazamaji anayekumbuka kuuliza kwa nini hawakusimama wapigane. Angewapa wale wafukuzaji sura, pangekuwa na ugomvi wa kawaida wa bunduki na Butch angeonekana mwoga.

Skripti ikauzwa dola 400,000, rekodi kwa wakati ule, na magazeti yakapiga kelele kana kwamba kaiba yeye. Muvi ikatoka 1969, wakicheza Paul Newman na Robert Redford, Goldman akachukua Oscar ya kwanza. Kaka yake, James Goldman, alikuwa ameshachukua ya kwake mwaka uliotangulia kwa The Lion in Winter. Nyumba moja hiyo!

#5

Hatari. Hiyo nyumba walikuwa wanakula nini?

#6 – Mtoa mada

All the President's Men sasa. Kitabu cha waandishi wawili wa Washington Post, Woodward na Bernstein, kuhusu Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani. Kigumu kukigeuza muvi: majina kibao, simu kibao, na kila Mmarekani anajua mwisho wake, kwa kuwa Nixon alijiuzulu Agosti 1974 na muvi inatoka 1976. Goldman akatupa nusu ya pili ya kitabu. Yote. Muvi inaishia pale wale vijana wamevurunda, wametoa habari yenye kosa kuhusu Haldeman, msaidizi mkuu wa Nixon, Ikulu inawashambulia, na wao wamerudi kwenye taipureta wanachapa. Yaliyofuata mtazamaji anayajua mwenyewe, ya nini kumsimulia?

Ile kauli ya "fuata pesa" ambayo leo kila mpelelezi anaitumia, kwenye kitabu haimo. Imetoka kwenye muvi.

Akachukua Oscar ya pili. Na bado alisema angerudishiwa maisha yake ya muvi angeandika skripti zote zile zile, ila hii asingeisogelea.

#7

Mkuu hapo nakukatisha. Unammwagia sifa za wengine. Kwenye kitabu cha maisha ya Redford, nyota wa muvi hii na mwenye kampuni iliyoitengeneza, kilichotoka 2011, inadaiwa yeye na dairekta Pakula waliiandika upya skripti ile na cha Goldman kilichobaki ni kidogo sana. Usitulishe upande mmoja.

#8 – Mtoa mada

#7 nashukuru umeleta hilo. Kweli dai lipo. Ila malizia na sehemu ya pili: jarida la chama cha waandishi wa skripti la kule Marekani lilizichukua rasimu, likazilinganisha moja moja, likahitimisha kwamba mwandishi ni Goldman. Uamuzi wa kuishia katikati ya kitabu upo tangu kwenye rasimu zake.

Na kuna kilichomuuma zaidi ya hapo. Katikati ya kazi aliitwa kwenye kikao, akakuta Bernstein na mpenzi wake Nora Ephron wameandika skripti yao wenyewe, na Redford anamwambia aisome aone kama kuna cha kuchukua. Mtu umeajiriwa kazi, unakuta mwenye habari kajiandikia ya kwake na bosi anakupa mkononi uikague! Goldman alitegemea Redford aikatae, na hakuikataa.

#9

Naomba niseme kitu, mimi hii kazi naifanya hapa Dar. Hayo ya rasimu kulinganishwa na chama tunayasikia tu. Niliwahi kuandika tamthilia ya vipande vingi, tukakubaliana kwa mdomo na mtayarishaji mmoja, malipo nusu kwa nusu. Ilipoanza kurushwa nimekaa sebuleni na mama mkwe, majina yanapita chini ya kioo, msambaza chai yupo, mimi sipo. Mama mkwe akaniuliza mbona hukutaja kwamba umeacha kazi? Kwa hiyo mtoa mada, Goldman kulalamika na dola laki nne mfukoni mimi simwonei huruma sana.

#10

#9 pole mzee baba. Ungeandikishiana hata kwenye karatasi ya daftari.

#11

😂😂 msambaza chai yupo

#12 – Mtoa mada

#9 pole sana ndugu yangu. Ila jamaa naye alionja. Kuanzia 1980 hadi 1985 simu yake iliacha kulia. Aliyekuwa akigombewa na studio zote, ghafla kimya, mwenyewe akajiita mkoma. Humo humo kwenye ukame, 1983, akatoa Adventures in the Screen Trade, kitabu cha siri za biashara ya muvi, na sentensi yake inayonukuliwa hadi leo: hakuna anayejua lolote. Maana yake kwenye ile biashara yote hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika muvi ipi itauza. Anayekubahatishia akikosea atatoa sababu, akipatia atataka cheo. Mabosi wanaichukia hiyo sentensi ila wanaitumia kila muvi yao ikifeli.

Nirudi kwenye riwaya, ndiko kwenye moyo wake. Alikuwa na mabinti wawili. Siku moja anataka kuwaandikia hadithi, akawauliza mnataka inayohusu nini, mmoja akasema binti wa mfalme, mwingine akasema bibi harusi. Ikazaliwa The Princess Bride, 1973.

Ujanja wake upo hapa. Anadai kitabu hakikuandikwa na yeye, kiliandikwa na bwana mmoja S. Morgenstern wa nchi ya Florin. Anasema akiwa mtoto mgonjwa kitandani baba yake alimsomea, na alipokua akakitafuta ndipo akagundua kumbe baba alikuwa anaruka. Kitabu chenyewe kimejaa kurasa na kurasa za miti na malkia kufungasha mizigo. Baba alimsomea panga, mapenzi na jitu tu. Kwa hiyo Goldman "anakikata" akabaki na sehemu tamu, na kila alipokata anachomeka maelezo ya kwa nini amekata. Morgenstern hayupo. Florin haipo. Hata mke na mtoto wa kiume anaowasimulia humo ni wa kutunga. Riwaya nzima inahusu kukata!

Akafika mahali wapenzi wanakutana tena baada ya miaka, akasema hiyo sehemu mhariri alimkatalia, anayeitaka aandikie barua kwa mchapishaji atumiwe. Watu waliandika kweli. Walichopokea ni barua ndefu ya visingizio, kwamba mwanasheria wa urithi wa Morgenstern ameleta matatizo. Nacheka kila nikifikiria mtu anafungua bahasha ile.

Muvi ilichukua miaka 14. Studio ilinunua haki, bosi aliyeipenda akafukuzwa, ikakaa kabatini. Goldman akatoa pesa yake mwenyewe akazinunua haki za kitabu chake. Akawa anakaa nazo hadi dairekta Rob Reiner alipoitengeneza 1987. Alisema kazi zake anazoweza kuzitazama bila aibu ni mbili tu: hii na Butch Cassidy.

#13

Mimi ni mtu wa Voi. Nimesubiri kwa adabu tangu post ya kwanza. Simba wetu wako wapi?

#14 – Mtoa mada

Karibu jirani, anza wewe, uko nyumbani.

#15

Haya. Muvi ni The Ghost and the Darkness, 1996, Val Kilmer akiwa Patterson, mhandisi wa daraja, na Michael Douglas akiwa mwindaji. Waingereza wanajenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda, 1898 wamefika mto Tsavo wanataka daraja, na simba dume wawili wakaanza kuwatoa watu kwenye mahema usiku. Patterson aliwaua wote wawili Desemba ya mwaka huo.

Malalamiko yangu. Kwanza, waliipiga Afrika Kusini. Pili, simba wa kwenye muvi wana manyoya marefu shingoni kama wa kwenye nembo. Wale wenyewe hawakuwa nayo, na huku kwetu dume asiye na manyoya ni jambo la kawaida. Tatu, na hili ndilo linaniuma, hesabu. Patterson kwenye kitabu chake cha 1907 anasema waliliwa Wahindi 28, na Waafrika wengi ambao hakuna rekodi yao iliyowekwa. Baadaye akaja na idadi ya 135. Mwaka 2009 watafiti walipima nywele na mifupa ya simba wale wakakadiria kama 35. Muhindi alihesabiwa kwa sababu alikuwa na mkataba na reli. Mtaita au Mkamba aliyechukuliwa njiani hakuna aliyemwandika.

Na simba wenyewe hawapo hapa. Patterson aliwafanya zulia nyumbani kwake, mwaka 1924 akaziuza ngozi kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wapo huko wamejazwa, watoto wa shule wanapiga nao picha. Sisi tuna stesheni na daraja. Mimi nasema warudishwe.

#16

Warudishwe, naunga mkono. Ila nilisoma mmoja wao alikuwa na jino lililooza hadi kwenye mzizi, ndiyo maana wengine wanasema alishindwa kukamata nyati akaona binadamu ni laini.

#17 – Mtoa mada

#15 heshima kwako, hiyo ya mkataba na reli sikuwa nimeifikiria. Na ajabu jirani na Chicago hiyo ndiko alikokulia Goldman, ila kisa chenyewe alikisikia akiwa safarini Afrika mwaka 1984, wakati ule simu hailii. Kikamkaa. Akaenda kukiuza studio kama Lawrence of Arabia (ile ya vita vya jangwani) iliyokutana na Jaws (ile ya papa mla watu).

Mimi naona hii ndiyo muvi inayothibitisha hoja yangu kwa upande wa pili. Yule mwindaji wa Michael Douglas hakuwepo katika historia, Goldman alimtunga. Kwenye skripti aliitwa Redbeard, anatokea hujui katoka wapi, haelezi kitu, anaogopwa. Douglas alikuwa ndani ya kampuni iliyotengeneza muvi, akaamua kumcheza mwenyewe, na mwindaji akaanza kupewa historia: alikuwa nani, alipigana wapi, alipoteza nini. Goldman aliandika baadaye kwamba hapo ndipo mtu yule alipokufa. Kumbuka wale wafukuzaji wa Butch wasio na sura. Ni dawa ile ile, safari hii bosi akaimwaga.

Ila nikubaliane nawe kwenye jambo moja: mtu unayetunga Mmarekani wa kuongeza kwenye kisa cha Tsavo, ungeweza pia kutunga Mtaita mmoja mwenye jambo la kufanya. Samuel wa John Kani yupo, anasimulia vizuri, lakini mikononi hana kitu.

#18

Misery umeiruka mkuu. Ile nyundo!

#19 – Mtoa mada

Nyundo hiyo siyo ya Goldman. Kwenye riwaya ya Stephen King yule mama anamkata mateka wake mguu kwa shoka na kuuchoma damu isitoke. Goldman aliikubali kazi kwa sababu ya tukio lile, akaliandika vile vile. George Roy Hill, aliyeongoza Butch Cassidy, alikuwa amekubali kuongoza, akajitoa kwa sababu yake. Reiner akaingia, naye na mwenzake wakabadilisha: hakatwi, anavunjwa vifundo vya miguu kwa nyundo kubwa. Goldman akapiga kelele sana. Alipoona muvi na watu ukumbini, akakiri walikuwa sahihi, kwamba mguu ungekatwa watazamaji wangemchukia yule mama moja kwa moja. Kathy Bates, aliyemcheza mama huyo, akabeba Oscar.

#20

Swali la mchokozi. Riwaya yake ya mwisho ni Brothers, 1986. Aliishi miaka 32 zaidi. Mtu wa riwaya gani huyo? Pesa za muvi zilimmaliza, sema ukweli.

#21 – Mtoa mada

Hilo ni jiwe. Ukiangalia tarehe, muvi zilianza kumtafuta tena kipindi kile kile alichoacha riwaya. Hadi 1986 alikuwa na riwaya zaidi ya 15 na alikuwa anaandika zote mbili kwa pamoja: Marathon Man riwaya 1974, skripti yake muvi 1976; Magic riwaya 1976, muvi 1978. Mikono yote miwili ilikuwa inafanya kazi. Baada ya hapo ni skripti, vitabu vya kusimulia kazi, na kukarabati skripti za wengine bila jina. Hata ilivuma kwamba muvi ya Good Will Hunting aliandika yeye, akakanusha, akasema alikaa na waandishi wake siku moja tu na ushauri wake mkubwa ulikuwa kuunga mkono kwamba ile sehemu ya majasusi itolewe. Unaona? Kukata tena.

Kama ni pesa au hadithi zilimkaukia, mimi nadhani vyote. Mwendelezo wa The Princess Bride aliahidi miaka mingi na haukuja. Wewe #20 naona una kesi, siwezi kuifuta yote.

#22

#20 kaua. Ila riwaya 15 kabla ya miaka 55 siyo mchezo, kuna watu wana "riwaya inakuja" tangu enzi za simu za kukunja.

#23

Umenigusa #22, mimi ndiye huyo.

#24

Mtoa mada, mgeni kabisa kwake aanze na ipi? Nataka kitabu, muvi nitatafuta mwenyewe.

#25 – Mtoa mada

Marathon Man. Mwanafunzi wa historia Columbia anayefanya mazoezi ya mbio ndefu, kaka yake ana siri, na daktari wa meno Mnazi aliyejificha kwa miongo anakuja New York kuchukua almasi zake. Kuna sehemu anamfunga kijana kwenye kiti na kumuuliza swali moja tu, je, ni salama? Kijana hajui linahusu nini. Daktari anatoboa jino zima lisilo na ugonjwa hadi kwenye neva. Kama una miadi ya meno wiki hii anza na The Princess Bride.

#26

Nina miadi Alhamisi. Asante kwa kunitahadharisha.